Naomba ushauri: kulinganisha filamu kuhusu jinsia bila kuishia kusimulia hadithi

Nyar_Nyalenda:
Hamjambo wadau. Nasoma mwaka wa nne hapa Kisumu na natakiwa kuandika karatasi ya utafiti linganishi kuhusu jinsia katika filamu za Kiafrika. Nimepeleka orodha ya filamu tano: Saikati ya Anne Mungai (1992), Neria ya Zimbabwe (1993), Moolaadé ya Ousmane Sembène (2004), Nairobi Half Life (2012) na Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018). Mpango ni sehemu moja kwa kila filamu, halafu mwishoni nilinganishe. Msimamizi amenirudishia na swali moja tu pembeni: "Kwa nini hizi?" Hajaeleza zaidi, na ukimpigia hashiki. Nifanyeje? Muda upo, lakini si mwingi.

KijanaWaKondele:
Chukua Rafiki dada, mambo kwisha. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba, Nairobi watu wakajaa kumbini. Walimu wanapenda vitu vilivyopigwa marufuku.

Mwalimu_Njoro:
Kijana, hiyo ni karatasi kuhusu udhibiti wa filamu. Ni nzuri, ila siyo aliyoulizwa.

Nyar_Nyalenda, swali la msimamizi wako ni la haki. Saikati ni msichana wa Kimaasai anayekwepa ndoa ya kupangiwa. Nairobi Half Life ni kijana anayetaka kuwa mwigizaji na jiji linamfundisha wizi. Rafiki ni wasichana wawili wanaopendana. Zaidi ya kutoka Afrika, zinakutana wapi? Ukiziweka zote utaandika muhtasari mara tano, kisha aya moja ya mwisho inayosema "zote zinaonyesha changamoto za wanawake". Nimesahihisha karatasi za namna hiyo hadi nazitambua kwa harufu.

Baki na mbili. Lakini usianze na filamu, anza na swali ambalo zote mbili zinalijibu, kila moja kivyake.

Mama_Ahero:
Mimi si msomi wa filamu, ila Neria naijua vizuri. Kikundi chetu cha akina mama kiliwahi kuitazama na ikabidi tuisimamishe katikati kwa kelele. Mume anakufa, na Phineas, kaka wa marehemu, anabeba kitabu cha benki, gari, vyombo, mpaka nyumba na watoto. Tena anasema ni mila! Huku kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa huyo ni nani. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kumpa.

Binti yangu akaniletea Moolaadé baadaye kwenye flashi. Kitu nilichokiona mara moja ni shemeji. Mle pia yupo! Collé amewaficha wasichana wanaokimbia kukeketwa, na kaka mkubwa wa mumewe ndiye anayemshinikiza mume amchape mbele ya kijiji. Filamu mbili, nchi mbali kabisa, na tatizo linaingia kwa mlango uleule wa ndugu wa mume. Sijui kama chuoni mnaruhusiwa kuandika kuhusu mashemeji.

Mwalimu_Njoro:
Mama, umempa karatasi nzima. Na inaenda mbali zaidi. Neria anashinda kwa kutoka nje ya ukoo: anakwenda kwa wakili, anasimama mahakamani. Zimbabwe ilikuwa imepitisha sheria ya 1982 iliyompa mwanamke hadhi ya mtu mzima kisheria, na filamu inakuja 1993 kuwaambia watu kwamba mlango huo upo. Collé hana hakimu. Moolaadé ilipigwa Burkina Faso, nchi iliyoharamisha ukeketaji mwaka 1996, lakini ndani ya filamu serikali haimsaidii kwa lolote. Anachofunga mlangoni ni kamba ya nyuzi za rangi, hifadhi ya kimila ambayo hata wazee wanaiogopa. Anapigana na mila kwa kutumia mila nyingine.

Hapo ndipo swali lako lilipo: mwanamke akikabili ukoo wa mumewe, kila filamu inamwonyesha nguvu anaitoa wapi?

Data_Kakamega:
Bado unahitaji mbinu, la sivyo ni maoni tu. Kuna kipimo cha Bechdel, kimetoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya 1985: je, kuna wanawake wawili, wanaongea wao kwa wao, na mazungumzo si kuhusu mwanamume? Ongeza kuhesabu dakika ambazo kila jinsia inaongea. Weka kwenye jedwali la kompyuta, upate grafu mbili safi. Walimu hawabishani na grafu.

Mama_Ahero:
Mwanangu, na ile ya kuchapwa utaihesabuje? Mume anampiga ili atamke neno la kuivunja hifadhi. Collé hafungui mdomo. Wanawake wanampigia kelele asianguke, na hasemi kitu mpaka mwisho. Kwa saa yako ya kuhesabu atapata sifuri.

Data_Kakamega:
Hapo umenifunga.

Mwalimu_Njoro:
Usitupe jedwali lote, badilisha safu zake. Chagua matukio machache katika kila filamu na uandike: dakika ya ngapi, nani yumo kwenye picha, kamera inamtazama kutoka kwa macho ya nani, nani anaongea, nani amenyamaza na kunyamaza kwake kunafanya kazi gani. Neria anaokolewa na kusema. Collé anashinda kwa kutosema. Ukiweza kuonyesha hilo kwa picha na sauti, si kwa hadithi tu, umeshalinganisha.

Na waangalie wanaume pia. Jinsia si kuhesabu akina mama peke yao. Ciré, mume wa Collé, anapiga kwa sababu wanaume wenzake wamesimama wanamtazama. Ile ni karatasi kuhusu uanaume vilevile.

Nyar_Nyalenda:
Asanteni sana, Mama umenifungua macho. Sasa nadharia. Darasani tumesoma makala ya Laura Mulvey ya 1975 kuhusu mtazamo wa kiume, yaani filamu kumwonyesha mwanamke kama mwanamume anavyomtazama. Inatosha?

Mwalimu_Njoro:
Mulvey alikuwa anazungumzia Hollywood, na mtazamaji aliyemfikiria hakuwa mama wa Ahero. Mtumie kwa swali la nani anatazama, kisha mjibu. bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani (alikuwa akiandika jina lake kwa herufi ndogo), alimjibu mwaka 1992 kwa kuuliza watazamaji wanawake weusi wanafanya nini na picha wanazooneshwa, ikiwemo kuzikataa. Yuko pia msomi wa Nigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, 1997, anayedai kwamba kwa Wayoruba wa kale umri ulipanga watu kuliko jinsia. Usimhamishe mzimamzima hadi Burkina Faso, lakini swali lake litakusaidia kumtazama mke mkubwa wa Ciré, maana Collé ni mke wa pili na mkubwa anasimama upande wake.

KijanaWaKondele:
Na lugha je? Neria ni Kiingereza, ile nyingine wanaongea Kibambara. Utakuwa unasoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha.

Mwalimu_Njoro:
Kondele leo umeamka. Aseme hivyo kwenye sehemu ya mbinu, sentensi mbili tu, na asijenge hoja kubwa juu ya neno moja la tafsiri.

Mama_Ahero:
Nami nina ombi. Usiandike kwamba mila za Waafrika ni mbaya, ukafunga daftari. Mila haikumtuma Phineas kuchukua kitabu cha benki. Kumtunza mjane ndiyo kazi aliyopewa, akaiacha akachukua vyombo. Kenya tuna Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981, na bado kuna wajane wanaofukuzwa, kwa hiyo mahakama nayo usiisifu kupita kiasi.

Nyar_Nyalenda:
Sawa Mama. Nimejaribu kichwa: "Uchambuzi Linganishi wa Uwakilishi wa Jinsia katika Filamu za Neria na Moolaadé: Mtazamo wa Kifeministi."

Mwalimu_Njoro:
Hicho kinaweza kukaa juu ya filamu zozote mbili duniani. Shemeji ameenda wapi?

Nyar_Nyalenda:
"Kusema na Kunyamaza Mbele ya Shemeji: Nguvu ya Mwanamke katika Neria na Moolaadé." Kitapita kweli kwa msimamizi?

Mama_Ahero:
Kisipopita, mlete Ahero tumwekee filamu.

Mwalimu_Njoro:
Kitapita. Ukimpelekea, ambatanisha ukurasa mmoja wa jedwali lenye tukio la kuchapwa na lile la mahakamani, aone kwamba umeshaanza kazi. Zile filamu tatu nyingine zitaje kwa aya moja kwenye utangulizi, uendelee.