Kitambi kimepungua: ni treni au ni chapati?

Mkanda Mpya: Habari zenu wadau. Niko Charlotte, Marekani. Gari lilikufa Januari, nikaanza kupanda treni ya Lynx kwenda kazini. Dakika 12 kwa mguu hadi stesheni, jioni tena vilevile. Sasa suruali zinanivuka, mkanda nimeutoboa tundu jipya. Ni treni kweli, au kwa vile chapati siku hizi nazila Jumapili tu?

Msafiri: Ni miguu, ndugu yangu. Watafiti waliwahoji wakazi wa hapohapo kwako kabla na baada ya njia ya treni hiyo kufunguliwa 2007. Matokeo yalitoka 2010: walioipanda kwenda kazini walipungua kama kilo 3 wakilinganishwa na wasiopanda.

Mama Wawili: Hongereni. Mimi njia iliporefushwa hadi chuo kikuu 2018, mwenye nyumba alipandisha kodi. Nikahamia mbali, naendesha saa nzima, presha imerudi. Hesabu na hiyo.

Mkanda Mpya: Pole sana dada, hilo sikuliwaza. Na mkataba wangu wa nyumba unaisha Agosti! Ila Msafiri, kama ni miguu, basi chapati nazirudisha Jumamosi pia.