Maboksi ya kusafirishia kofia kwa kadibodi za nyumbani: naomba ushauri

BintiMkomani
Assalaam aleikum wapendwa. Nashona kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, hapa Lamu, na siku hizi wateja wa Mombasa na Nairobi wananiagizia kwa simu. Wiki jana kofia niliyoihangaikia zaidi ya miezi miwili imefika imebonyea upande mmoja. Mteja kanitumia picha, nimelia. Maboksi mapya yanakula faida yangu yote, na nyumbani nimejaza katoni za mafuta ya kupikia na vipaketi vya biskuti. Niyakate vipi? Nigundishe kwa nini? Mkumbuke mzigo unavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, ndipo upande basi.

MzeeLangoni
Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Itazame katoni ya mafuta ukingoni: karatasi mbili bapa, katikati moja iliyokunjwa mawimbi. Nguvu yote iko kwenye hayo mawimbi. Ukikata kuta za boksi lako, hakikisha yamesimama wima, ndizo nguzo. Ukiyalaza, gunia moja likiwekwa juu, kofia imekwisha. Mahali pa kukunja usipakate. Weka rula, pitisha mpini wa kijiko kwa nguvu hadi pafanye mfereji, halafu kunja. Vipaketi vya biskuti havina mawimbi, havifai kuwa ukuta.

FundiSiyu
Mzee kasema kweli. Ongeza hili dada: kata ukanda wa kadibodi wenye kimo cha kofia, mawimbi yakiwa wima, uviringishe uwe pete uiingize ndani ya kofia. Utajikunja wenyewe bila kuvunjika. Ukikata mawimbi yakiwa yamelala utavunjika pembe pembe.

MamaMalindi
Gundi ya unga niliitumia mimi, dada yangu, usijaribu. Mende wanaila, na msimu wa masika mzigo mmoja ulifunguka njiani. Nunua gundi nyeupe ya mbao, ukibandika weka kitu kizito juu hadi asubuhi. Kufungia natumia utepe wa karatasi, mteja akimaliza boksi lote linarudi kwenye kazi nyingine bila kubandua plastiki. Na zile anwani za zamani kwenye katoni zibandue au uzifute kabisa, mzigo wangu ulishapelekwa pasipo pake.

KijanaShela
Ndani jaza magazeti tu, yapo bure.

MamaMalindi
Magazeti kwa kofia nyeupe? Hapana mwanangu, wino unaachia, na hewa ya huku ina unyevu. Aifunge kwanza kwa kipande cha kitambaa cha marduf au karatasi safi, magazeti yakae nje ya hapo.

BintiMkomani
Nawashukuru nyote. Nimekata moja jana usiku, mawimbi wima, na pete ya FundiSiyu ndani. Nimeweka mtungi wa maji juu yake, halikubonyea. Ila kadibodi nyingine nilizoziegemeza ukutani zimelainika.

MzeeLangoni
Ukuta wa mawe ya matumbawe unavuta unyevu, ziinue juu ya kitanda. Na iliyowahi kulowa, hata ikikauka, usiiamini kwa ukuta wa boksi. Itumie kwa kujazia.

BintiMkomani
Sawa baba. Naomba sasa kuhusu boti: nifunge boksi kwa turubai dogo, au mfuko wa gunia unatosha?