Klabu isiyo ya kidini katika chuo kikuu cha kanisa: tuanzie wapi?

Swali (mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kenya)

Habari zenu wandugu. Chuo chetu ni cha kibinafsi, mwenyewe ni kanisa, na ibada ya katikati ya wiki ni lazima. Tuko saba tunaotaka klabu ya wanafunzi wasiofuata dini na yeyote anayependa mjadala. Je, Katiba ya nchi inatulinda?

Jibu la 1

Kabla ya Katiba ya nchi, someni karatasi mlizotia sahihi siku ya kujiunga. Humo mna kanuni za mwenendo, na ofisi ikitaka kuwakatalia itaanzia hapo. Tafuteni vipengele vya vyama vya wanafunzi na vya mikutano isiyo na kibali. Msipange kikao saa za ibada hata mara moja, maana kosa la utoro ni rahisi kuthibitisha kuliko kosa la fikra.

Saba ni wachache. Tafuteni 20 hivi, wa vitivo na miaka tofauti. Viongozi wote wakiwa wa mwaka wa nne, klabu huzikwa siku ya mahafali. Katibu na mweka hazina wawe wa mwaka wa kwanza au wa pili.

Kizingiti kikubwa ni mlezi. Mhadhiri wa mkataba ataogopa kwa sababu mkataba wake husubiri kuongezwa. Mwendeeni mwenye ajira ya kudumu, wa falsafa, sheria au fizikia. Si lazima awe hana dini. Mpelekeeni ukurasa mmoja tu: lengo, ratiba ya muhula, na kazi yake (kutia sahihi maombi ya ukumbi, kuhudhuria mara moja kwa mwezi). Mlezi asiyejua atafanya nini hujitoa barua ya kwanza ya lawama inapofika.

Katika katiba ya klabu andikeni wazi kwamba uanachama ni wa mwanafunzi yeyote, mwenye dini na asiye nayo. Jina liwe la upole, kama Klabu ya Falsafa na Sayansi.

Jibu la 2

Kuhusu sheria: Ibara ya 32 ya Katiba ya nchi inalinda uhuru wa dhamiri, imani na maoni, ya 36 uhuru wa kujumuika, na ya 20 inasema Sheria ya Haki (sura ya Katiba inayoorodhesha haki za watu) inamfunga kila mtu, si serikali peke yake. Hoja mnayo. Lakini kesi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko shahada yenyewe. Chama cha wakanamungu nchini kilisajiliwa 2016, usajili ukasimamishwa mwaka huohuo, na suala likaishia kortini.

Msikimbilie kwa Msajili wa Vyama (ofisi ya serikali inayosajili vyama) kisha mkatumia jina la chuo. Hilo litawapa sababu ya kuwaadhibu. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi mkitaja Ibara ya 47. Ofisi inayolazimika kuandika sababu mara nyingi hulegeza msimamo, kwa kuwa “hatupendi” haiandikiki kwenye barua rasmi.

Jibu la 3

Nakubali yote isipokuwa jina. Upole sawa, kuficha hapana. Ofisi ikigundua kwamba lengo lililoandikwa silo linalotendeka, itaifuta klabu kwa udanganyifu, na hapo hata mlezi hana la kuwatetea. Andikeni lengo wazi: “kujadili maadili, sayansi na dini bila kufungamana na imani yoyote.”

Jambo lililosahaulika ni orodha ya majina. Wengi hulipiwa karo na wazazi au parokia, na picha moja ya skrini ya kundi la WhatsApp inaweza kumkatia mtu karo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani kuwa data nyeti. Matangazo yapitie chaneli ya WhatsApp, ambako wafuasi hawaonani namba. Wanaotia sahihi fomu ya usajili wawe waliokubali kujulikana. Wengine waje tu mikutanoni, bila daftari la mahudhurio.