Tupeane uzoefu: wewe usiyeamini kwamba Mungu yupo, unaishije hapa Goma?

Mwana Katindo
Salamu kwenu wana Goma, na ninyi wa Bukavu mlio upande wa pili wa ziwa. Ninaandika kwa sababu ya jambo nililoliona juma lililopita kwenye kilio upande wa Mugunga, na tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri. Mtoto wa miaka saba alitumwa alfajiri kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Alimkuta amelala katika shimo la mawe nyuma ya kiwanja cha jirani, akashuka kumwinua, naye hakupanda tena. Kila aliyekulia huku analijua jina la kitu kile. Ni mazuku, hewa ya sumu inayotuama mashimoni.

Mhubiri aliyeletwa alisimama mbele ya jeneza akawaambia wazazi wajichunguze, kwa kuwa mauti haiingii nyumbani isipokuwa mtu ameiachia mlango wazi. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitenge kimemfunika hadi kwenye nyusi. Akaanza kuhesabu makosa yake kwa sauti ya chini, kidole kimoja baada ya kingine: sadaka ambayo hakuitoa mwezi wa tatu, mkesha aliouacha katikati kwa sababu ya mvua, neno baya alilomwambia mama mkwe. Alipofika kwenye kidole cha nne nilitoka nje.

Mimi siamini kwamba Mungu yupo. Sikufika hapo kwa hasira wala kwa kusomea Ulaya. Nilibatizwa, nikaimba kwaya miaka sita, nikaisoma Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, na kadiri nilivyoendelea kutafuta sababu ya kusadiki ndivyo nilivyozidi kuikosa. Sipingi mtu kusali. Ninachopinga ni kumpa aliyefiwa sababu ya uongo wakati sababu ya kweli ipo, maana uongo huo unamtwisha mama mzigo usio wake na kuliacha shimo wazi. Tulizika saa nane. Tulipotawanyika saa kumi na mbili hakuna aliyekuwa amekwenda kuweka hata jiwe moja la alama pembeni ya shimo lile, na mimi ni mmoja wa hao ambao hawakwenda.

Nawaomba wenzangu mnaofikiri kama mimi, na hata ninyi mnaoamini, tuelezane: ulijuaje kwamba huamini tena, uliwaambiaje watu wa nyumbani, na siku iliyokuwa ngumu kupita zote ilikuwa ipi?

Dada wa Ndosho
Nilikuwa kwenye kilio cha namna hiyo hiyo mwaka jana, na yule mama mpaka leo anafunga kula kila Ijumaa ili asamehewe kifo cha mtoto wake. Umeyasema yaliyokuwa moyoni mwangu.

Motari wa Birere
Mimi ni Mwislamu, nasali sala tano, lakini hapo naungana nawe. Shekhe wetu alitufundisha kwamba anayefiwa anapewa pole na chakula, hapewi mashitaka.

Mama Mapacha
Umeniuliza siku ngumu kupita zote, na nilidhani nimeisahau.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, kama saa moja ya jioni, kwetu Majengo. Nilikuwa nawaogesha mapacha wangu, wakati huo wana miezi kumi na moja, nikaona maji ya kwenye beseni yamekuwa mekundu. Nilidhani mmoja wao amejikata. Nilipoinua macho nikaona anga lote la kaskazini limewaka kama jiko la makaa lililopulizwa. Nyiragongo, volkano yetu, ilikuwa imepasuka, na barabarani watu walikwisha kuanza kukimbia, magodoro vichwani, watoto wakiburutwa kwa mkono.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Alifunga mlango kwa komeo, akatukusanya sebuleni watu tisa, akasema hatutoki. Mwaka 2002, siku ile ya tarehe 17 Januari ambapo moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuliteketeza kanisa kuu la Wakatoliki, yeye alibaki ndani akisali, na nyumba yetu ilisalimika. Nyumba ya jirani iliungua. Jirani yule alikuwa shemasi katika kanisa lile lile na alikuwa ameimba wimbo mmoja na baba, ila hilo halijawahi kutajwa katika ushuhuda wa baba.

Nilimwambia: "Papa, unisamehe, mimi naondoka na watoto." Alinitazama muda mrefu. Alikuwa amejua kwa miaka miwili kwamba siendi tena kanisani, ila tulikuwa hatujalitamka. Akasema: "Ukitoka, toka na kutoamini kwako, usikuache humu ndani kukatuunguza." Mama yangu alikuwa amenishika kitenge kwa nyuma. Nilisikia kidole kimoja kimoja kikiachia.

Nilitembea hadi mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, huku mkono wangu wa kulia umeshika beseni lile tupu, wala sijui nililibebea nini. Tulilala kwenye majani pamoja na maelfu ya watu. Asubuhi tukasikia kwamba moto umesimama pembeni ya mji, kule Buhene, baada ya kufunika nyumba nyingi na kuua watu. Kwetu haukufika.

Sasa siku ngumu kupita zote si ile. Ni Jumapili moja baadaye, tulipokwisha kurudi mjini. Nilikwenda kanisani kwa ajili ya mama, nikaketi mstari wa nyuma. Baba akasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu ameihifadhi nyumba yake ingawa ndani yake alikuwamo mtoto aliyemkana. Watu wote waligeuka kunitazama, na mmoja wa mapacha akawapungia mkono kwa furaha akidhani wanamsalimia. Tangu hapo napeleka sombe, mboga ya majani ya muhogo, nyumbani kila Jumapili. Baba hunishukuru kwa adabu, na sahani hurudi ikiwa imefunikwa vile vile nilivyoifunika.

Nyumba za Buhene zilikuwa na Biblia juu ya meza kama yetu. Hilo ndilo swali langu lote, na sina jingine.

Dada wa Ndosho
Dada yangu, nimelia. Mapacha wako wazima? Na mama yako anakula hiyo sombe au naye anaogopa?

Mama Mapacha
Wazima, wanasoma. Mama hula jikoni, akiwa amesimama.

Mtumishi wa Himbi
Nimesoma kwa huzuni, mama, na baba yako hakukutendea haki mbele ya kusanyiko. Nasema hivyo nikiwa shemasi. Lakini ndugu wa Katindo anaandika kana kwamba dini ndiyo peke yake inayokosea. Usiku ule wa 2021 sayansi ilikuwa wapi? Hakuna aliyetuonya. Kisha tarehe 27 Mei tukaambiwa tuhame kata kumi kati ya kumi na nane za mji, tukalala Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, katika mvua tukinywa maji ya ziwa, na mlipuko wa pili haukuja. Nabii wa makanisa ya uamsho akitabiri lisilotokea, mnamcheka.

Mwalimu wa Fizikia
Mtumishi, swali lako ni halali, nami nalijibu kwa urefu kwa sababu wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka.

Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470, na mawe yake yaliyoyeyuka yana madini ya silika kidogo sana, kwa hiyo yanatiririka karibu kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni liliisha kwa muda usiozidi saa moja, na vijiji vikafunikwa kabla watu hawajapata pa kukimbilia. Mwaka 2002 dalili zilionekana mapema. Mwaka 2021 hazikuonekana wazi, na watafiti wenyewe waliandika hivyo katika makala zao, kwa majina yao, wakieleza kwa nini vipimo havikuonesha kitu. Nabii aliyekosea sijamwona akiandika sababu ya kukosea kwake ili mwingine amsahihishe.

Ama kuhusu Sake, vipimo vilionesha kwamba mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamepenya chini ya mji hadi chini ya ziwa. Ziwa letu la Kivu linabeba kilindini kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na letu, lilitoa gesi yake usiku mmoja na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Mimi pia nililala Sake, na watoto wangu wakaharisha. Hata hivyo, kwa hesabu hiyo mkononi, ningehama tena.

Mtumishi wa Himbi
Na aliyependekeza kwanza kwamba ulimwengu ulianzia mahali pamoja ukapanuka alikuwa padri, Georges Lemaître, Mbelgiji. Hilo hulifundishi?

Mwalimu wa Fizikia
Ninalifundisha, na ninawaambia pia kwamba hesabu zake zilikubaliwa kwa kupimwa na wengine, kanzu yake haikuhusika.

Mwana Katindo
Mwalimu, tusimpige Mtumishi kwa fimbo hiyo. Lemaître anathibitisha kwamba mtu anaweza kusali na kufikiri.

Mwalimu wa Fizikia
Sikumpiga. Ameuliza, nimejibu.

Muuguzi
Naomba niongeze jambo ambalo wasioamini wenzangu hawatalipenda. Mwaka 2019 nilikuwa katika kazi ya chanjo ya Ebola. Kesi ya kwanza hapa Goma ilithibitishwa Julai mwaka huo, na mlipuko mzima, hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao wakafa. Kuna mtaa mmoja ulitufukuza mara mbili kwa mawe, watu wakisema Ebola ni biashara. Mara ya tatu mchungaji wa pale alikunja mkono wa shati mbele ya waumini wake akachomwa wa kwanza. Siku hiyo tulichanja hadi dawa ikaisha. Mimi siamini anachokiamini, lakini takwimu zangu zote zisingemfanya mtu hata mmoja akunje shati. Na mkitaka kujua nani anaendesha shule na hospitali za mkoa huu, hesabuni vibao vya Wakatoliki na Waprotestanti barabarani kabla hamjasema dini haina kazi.

Kijana wa Bukavu
Ninaheshimu kazi yenu, Muuguzi, ila hizo shule ndizo zinazotufunga midomo. Mimi ni mwalimu katika shule ya kanisa. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha kwanza kwamba nchi yetu haifungamani na dini, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo na dhamiri, lakini mimi nikitamka ninachofikiri nitapoteza kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Ninaongoza sala ya asubuhi kila siku. Nifanye nini?

Motari wa Birere
Nyamaza, ndugu yangu, ulishe watoto. Mungu kama yupo anajua, na kama hayupo hakuna wa kukushitaki.

Dada wa Ndosho
Usinyamaze milele. Jenga kwanza nyumba yako, hata ya mbao, ndipo useme. Anayelala chini ya bati la mjomba hawezi kubishana na mjomba.

Mzee wa Kivu
Mimi nina miaka 61, siamini tangu ujana, na bado naimba besi katika kwaya. Hakuna aliyewahi kuuliza besi inaamini nini. Wimbo unanipa raha na wale ni watu wangu, hao ndio watakaonizika.

Kijana wa Bukavu
Mzee, kwa heshima zote, ninyi mlioimba besi kimya kimya miaka arobaini ndio mliotuachia mji ambamo mtoto anaitwa mchawi na hakuna mtu mzima wa kusimama. Tuna sheria ya 2009 ya kulinda watoto, inayompeleka gerezani anayemshitaki mtoto uchawi. Nani amewahi kuitumia mtaani kwenu?

Mzee wa Kivu
Mwanangu, mwaka mmoja nilimtoa mtoto wa namna hiyo katika chumba cha maombi alikofungiwa siku tatu bila chakula, akakaa kwangu hadi alipooa. Waliniachia kwa sababu walinijua kuwa mtu wa kwaya. Wewe wangekufungia mlango.

Mama Mapacha
Jamani, ndugu wa Katindo alianza na shimo, na tumelisahau. Shimo lile bado liko wazi?

Mwana Katindo
Bado. Nimeona aibu kusema.

Mwalimu wa Fizikia
Basi twende. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana hukaa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua mahali ambapo mtoto, au yeye mwenyewe akiinama, anaanguka. Marehemu babu yangu wa Sake hakujua neno kaboni. Alifunga majani makavu kwenye ncha ya fimbo ndefu, akayawasha, akayateremsha taratibu. Mwali ulishuka vizuri hadi usawa wa kiuno, ukayumba, na ulipofika magotini ukazimika kama uliokabwa, hata moshi wake ukalala chini badala ya kupanda. Akarudia mara tatu mbele yetu watoto, kisha akapanga mawe kuzunguka pale. Mtu asishuke, asiinamie ukingo, na ikiwa kuna mtu ameanguka ndani, asimfuate bila kamba na watu wa kumvuta.

Mtumishi wa Himbi
Jumapili tunao waumini zaidi ya mia tatu, na robo yao wanakaa Mugunga na Bulengo. Kabla ya mahubiri naweza kutangaza mahali shimo lilipo, na vijana wa kanisa wabebe mawe. Mhubiri aliyesema yale kwenye kilio nitamtafuta mimi mwenyewe. Kwa mama aliyefiwa nitakwenda na mke wangu.

Mwana Katindo
Mtumishi, nashukuru. Ukifika kwa mama yule, tafadhali mwambie habari ya mwali na fimbo. Mwambie mbuzi alikufa kwanza.

Motari wa Birere
Nina gari la rafiki la kubebea mawe, na chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Shimo liko upande gani wa barabara ya Sake?

Mwana Katindo
Ukitoka mjini, mkono wa kushoto, upande wa ziwa. Utaona ukuta wa mawe meusi ambao haujamalizika, na kamba ya mbuzi bado imefungwa kwenye mti. Tukutane saa nne, jua likiwa limepanda na upepo umeanza. Msije mapema zaidi ya hapo.