Mrejesho: ile hadithi ya walowezi wa Mirihi

Wakuu, habari zenu. Niliomba msaada wa kuchambua hadithi fupi ya Ray Bradbury ya mwaka 1949, ile ya familia ya Bittering iliyohamia Mirihi ikakwama huko baada ya vita kuzuka Duniani. Kazi nimeshawasilisha, na nawashukuru kwa dhati.

Ushauri uliozaa matunda ni wa aliyesema niache kuwinda dhamira, nifuatilie vitu vinavyobadilika kimoja kimoja. Nikaanza na maua ya mpichi ambayo Harry, baba wa familia hiyo, anayashika na kuona si yale aliyoyazoea, nikaenda hadi macho yanayogeuka rangi ya dhahabu, kisha ile roketi anayoijenga ili warudi kwao, halafu anaitelekeza kwa hiari yake. Hapo hadithi ikafunguka: sayari haiwafukuzi walowezi, inawafanya wawe wake. Mwalimu alisifu sana sehemu hiyo.

Ushauri wa kulinganisha hadithi na ukoloni ulinikwamia. Mwisho unaibeba hoja, wageni wapya wanapoanza kuipa milima majina yao. Ila katikati wanaobadilika ni wageni wenyewe, na insha ikayumba. Alama zilikatwa hapo. Atakayepewa hadithi hii baadaye, aanze na yale maua.