Mama ana tezi ya shingo, presha namba ya chini haishuki

BintiUjiji:
Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 58. Presha yake inasoma 140 juu, chini haitoki 100. Chumvi kapunguza, mawese nampimia kwa kijiko. Juzi kapimwa damu, kumbe tezi ya shingo ni mvivu, kaanzishiwa levothairoksini, kidonge cha kujazia homoni ya tezi. Aliyempa kasema tu "itasaidia na mishipa", akaita mgonjwa mwingine. Tezi iko shingoni, mishipa imeenea mwili mzima. Vinahusianaje? Mama naye anataka aache kidonge cha presha, maana vidonge vimekuwa vingi. Hicho cha tezi anakishushia na chai ya maziwa.

MuuguziKasulu:
Pole dada, nifikishie shikamoo kwa mama. Ukuta wa mshipa una misuli inayobana na kulegea. Homoni ya tezi, hasa ile ya T3, ndiyo inayoilegeza, na husaidia utando wa ndani kutoa naitriki oksaidi, gesi inayotanua mshipa. Homoni ikipungua mshipa unakaza, unakuwa mgumu kama mpira wa baiskeli uliokaa juani. Moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo, presha haipati pa kushukia. Ndiyo hiyo 100 yako. Lehemu mbaya (kolesteroli) nayo hupanda, kwa hiyo aipime.

Cha presha asiache! Arudie kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha tezi inavyofanya kazi, baada ya wiki 6 hadi 8, daktari ndiye aamue. Na chai ingoje: kidonge kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula.

BabaUrambo:
Si aongeze tu chumvi ya madini joto?

MuuguziKasulu:
Hapana, baba yangu. Atumie hiyo hiyo, ila kidogo. Tezi iliyokwisha kuchoka haiamshwi kwa chumvi, na presha itapanda.

BabaUrambo:
Nimekuelewa. Basi asizidishe na dozi. Mke wangu alimeza viwili viwili ili apone haraka, moyo ukamwenda mbio usiku kucha, kanga ikawa inachezacheza kifuani.

BintiUjiji:
Asanteni sana, nimemsomea yote. Sasa anameza alfajiri akiamka kuswali, chai hadi kupambazuke. Tarehe ya TSH nimeiandika kwa mkaa ukutani, juu ya jiko.