Wenyeji wa Tanga, ukiacha Raskazone na Amboni mnaendaga wapi?

mgeni_wa_kange:

Wakuu habari za jioni. Nimehamishiwa Tanga kikazi toka Dar, huu mwezi wa tatu sasa, nimepanga Mikanjuni. Wakati naaga kule kila mtu ananicheka, ooh Tanga hiyo, waja leo waondoka leo, wewe umeshapotea. Sasa nimefika mbona hicho wanachokisema sikioni? Kazini nikiulizia sehemu za kutembea wananitajia zilezile mbili, Raskazone kuogelea na Amboni mapangoni. Amboni nimeenda, pazuri, popo wengi, nikapigwa hadithi ya Osale Otango aliyejificha mle enzi za mkoloni na hadithi ya tundu linalotokea Mombasa, nikapiga picha nikarudi. Raskazone ndo nimesusa kabisa. Jumamosi moja nimebeba taulo mimi na binamu yangu tumefika saa 5 asubuhi maji yameenda zake huko mbali, imebaki tope na kaa wanatuangalia, tukala chipsi tukarudi.

Naomba wenyeji mnitajie zile sehemu zenu, za watu wa hapa. Sina gari, mfuko wa kawaida, na tafadhali msinitajie hoteli.

MwanaNgamiani:

Mkuu karibu sana ila swali umelianzia mkiani, unauliza sehemu wakati hujauliza baiskeli. Huu mji ni wa baiskeli, uko tambarare kama sinia, mama zetu wanaendesha na mtungi wa maziwa nyuma, mwalimu anaendesha, sheikh anaendesha kanzu kaikunja, we upo kwenye bajaji unalipa hela uvushwe mtaa ambao ungeumaliza kwa pedeli ishirini. Nunua ya mtumba, usinunue yenye magia mengi, utasumbuka na spea.

Ukishapata njoo Ngamiani baada ya swala ya alasiri. Barabara zetu hazina majina ya viongozi, zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaenda hivo mpaka unachoka, kwa hiyo hupotei hata ukitaka. Unazipita moja moja polepole. Kwenye kona utakuta baraza ya kahawa, hakuna bango wala nini, utaisikia kabla hujaiona maana muuzaji anavigonganisha vikombe mkononi, kwa-kwa-kwa. Toa salamu kwa wote, kaa, usitoe simu. Dele, lile birika la kahawa, lipo juu ya mkaa, kahawa chungu haswa, kashata pembeni. Kikombe cha kwanza utakunja uso na watakucheka, hapo ndo umeshaingia. Nusu saa utakuwa unajua nani kauza shamba, nani kafungwa dhumna tatu mfululizo na kwa nini Coastal Union haijachukua ligi tangu 1988. Hiyo ya mwisho usiichangie, kuna wazee wanaumia kweli.

Mimi ukiniuliza sehemu yangu Tanga nzima ni hiyo, kona moja barabara za kumi na kitu, siitaji namba maana benchi lenyewe la watu sita.

Bint_Sahare:

Hahaha kaka Ngamiani umemtuma mgeni barazani ametulia, na angekuwa dada je? Mtoto wa kike akae pale na dele mtaa mzima upige simu kwao? Ngoja na mimi niseme za kwetu.

Mgeni, kwanza asubuhi ya Jumamosi usilale. Saa 12 na nusu nenda Deep Sea pale zinaposhushwa samaki. Watu wanaogopa wanadhani ni kwa wafanyabiashara tu, hapana, unasimama pembeni ya mnada unaangalia. Mnadi anataja bei kwa kasi mpaka unadhani anaghani, changu wamelazwa chini, pweza bado anatembea na mguu mmoja, akina mama wa kukaanga wanachagua bila kuongea, anagusa shavu la samaki kwa kidole anaacha, anagusa mwingine anabeba. Mimi nimejifunza samaki mbichi kwa kumuangalia mama mmoja pale, sijawahi hata kumuuliza jina. Ukitaka kununua subiri mnada upoe. Na vaa malapa, usije na raba nyeupe kama shemeji yangu wa Arusha.

Pili, Sahare maji yakipwa. Wewe umekasirikia tope la Raskazone, sisi tope ndo raha yetu. Unatembea na ndoo mpaka karibu na mikoko, akina mama na watoto wanaokota kome, ndege weupe wamejipanga, upepo mtupu. Hakuna kinywaji, hakuna muziki, hakuna wa kukuuzia kitu. Ukiona watu wanaanza kurudi na wewe rudi, usijifanye unapiga picha ya mwisho, maji yakigeuka hayagongi hodi.

Mihogo ya nazi sitasema naila wapi. Mkizidi kuwa wengi anaongeza maji kwenye tui.

nahodha_msaidizi:

Dada Sahare kagusa jambo ambalo ndo jibu lote la huyu jamaa na hakuna aliyemwambia. Mkuu, pwani hii huulizi saa, unauliza mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunaita bamvua, maji yanajaa alfajiri na tena kwenye saa 10 jioni, na katikati yake saa 4 saa 5 asubuhi yanapwa mpaka chini kabisa. Ndo maana ulikuta kaa. Ungeenda siku ileile saa 10 jioni ungeoga maji ya shingo. Ukikaa wiki moja inageuka, maji mafu, hayo yanajaa kidogo saa 4 saa 5 na jioni yametoka. Kila siku inasogea karibu saa nzima, ukishalijua hilo huhitaji programu ya simu.

Mimi mwenyewe nilijifanya najua nikaumbuka. Sehemu ninayoipenda ni kile kisiwa kilicho mbele ya bandari, Toten, jina la Kijerumani maana yake wafu, kimekaa palepale kila mtu anakiona toka bustani ya Jamhuri na nusu ya mji hawajawahi kukikanyaga. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale ndani ya kichaka, mibuyu, mikoko pembeni, kimya mpaka unasikia masikio yako. Basi nikachukua washkaji wanne tukapatana na mwenye ngalawa, saa 1 asubuhi tumeondoka, bamvua, maji yanatoka, nahodha kaniambia kijana tukifika mna nusu saa, nikamwambia mzee tulia sisi ni watoto wa hapa. Tukazunguka, tukapiga stori, mmoja kapotea kichakani tukamtafuta. Kurudi saa 4 ngalawa imelala ubavu juu ya tope kama ng'ombe amechoka, na maji yako kule. Nahodha wetu kajifunika kofia usoni amelala hata hatulaumu. Tukajaribu kuisukuma, tope likala kandambili yangu ya kulia mpaka leo iko huko, tukasubiri mpaka saa 8 mchana maji yalipoinyanyua, jua la utosi, chakula chetu chote pakiti mbili za biskuti. Mzee alipoamka akasema neno moja tu, “Mmeshiba?”

Kwa hiyo nenda, ila nenda na anayejua, mpatane bei ya kwenda NA kurudi kabla hujapanda, na akikwambia nusu saa ni nusu saa.

mzee_wa_reli:

Wanangu salamu. Nimesoma nikacheka peke yangu, mke wangu anauliza kuna nini.

Mgeni, hiyo waja leo waondoka leo wenzio wa Dar hawajakwambia kwamba ile leo ya pili haina tarehe. Mimi nilikuja kwa miezi sita, nimestaafu hapahapa.

Nitakutajia vya wazee. Stesheni ya reli pita hata nje tu. Reli ya huku ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikapanda kidogokidogo Korogwe, Mombo, ikafika Moshi 1911, na mkonge nao uliingia nchi hii mwaka uleule 1893, kwa hiyo katani na reli vimekua kama watoto wa nyumba moja. Halafu nenda Boma la zamani la Mjerumani, ndani pana makumbusho ya Urithi, madogo, picha za Tanga ya zamani ukutani. Simama kwenye picha moja dakika kumi kisha toka nje utafute ilipopigiwa. Mimi hufanya hivyo na wajukuu, mshindi napeleka kula halua, na mara nyingi nyumba ipo bado, imevaa bati tu.

Na hiyo Raskazone mnayogombania tope, mjue Novemba 1914 Mwingereza aliwashusha hapo askari kama 8,000 toka India. Mjerumani alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wakapigana mpaka mitaani huku, na nyuki wakatibuka kwenye miti wakauma kila aliyekuwepo bila kuuliza bendera. Mwingereza akarudi melini. Makaburi ya vita ile yapo mjini, watu wanapita kila siku kwenda sokoni na hawageuki. Siku ukipita wewe geuka, yako majina ya vijana wa Kihindi ambao sidhani kama kuna aliyewahi kuambiwa anakwenda wapi.

kijana_wa_machui:

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya picha na halua naiiba.

Naongeza barabara ya Pangani, nashangaa hamjaitaja. Panda gari za Pangani ushuke Tongoni, kama kilomita 17 hivi. Magofu ya msikiti na makaburi yapata 40, mengine yana nguzo, zimebaki chache zimesimama nyingi zimelala. Ukiangalia karibu utaona vishimo vya duara kwenye nguzo, ndo palikuwa na mabakuli ya Kichina yamepachikwa, yaling'olewa zamani. Watoto wa kijijini bado wanacheza pembeni na bahari iko nyuma ya mikoko, haionekani ila unaisikia harufu. Majini huko huko ndo Vasco da Gama alikwama kwenye fungu 1498, na mwaka uliofuata akirudi akaichoma meli yake mwenyewe moja, São Rafael, mabaharia walikuwa wamekufa wengi hawatoshi kuziendesha zote.

Na kabla ya Tongoni kuna kwetu Machui. Kitongoji cha Vibambani ndiko alikozaliwa Shaaban Robert 1909 na ndiko alikozikwa 1962. Watu wamemsoma shule nzima wakaandika mitihani juu yake, wanapita njia hiyo kwenda kula samaki Pangani na hawajui. Ukija uliza mtu yeyote, ila uje na adabu zako, ni makaburini na ni kijijini kwa watu.

Galanos kwenye chemchemi ya moto upande wa Amboni nimeenda mara moja. Maji yananuka kiberiti kama yai viza, wengine wanaapa inatibu ngozi, mimi nilinuka siku mbili kwenye daladala watu wanasogea. Jaribu mwenyewe.

mgeni_wa_kange:

Wakuu nimerudi na mrejesho, nisameheni nimechelewa. Shikamoo mzee wa reli.

Baiskeli nimepata, ya mtumba, breki ya nyuma inalia kama mbuzi, Mikanjuni nzima inajua nikirudi. Jumamosi mwezi ulikuwa mpevu nikasema ngoja nimjaribu nahodha. Sikwenda asubuhi, nimelala, saa 10 jioni nipo Raskazone na taulo langu lilelile, maji yamejaa mpaka ngazini, yametulia kama ya kwenye beseni. Nimeoga mpaka vidole vimekunjamana. Binamu nimempigia simu nimemtukana kidogo kwamba tulikula chipsi bure siku ile.

Jumapili saa 5 nikaenda Sahare kwa tope. Dada Bint, ni kweli hakuna wa kuniuzia kitu, nimekaa na kiu, kuna bibi mmoja na ndoo yake kaniona nimesimamasimama kama nguzo ya umeme akaniuliza we mwanangu unatafuta nini huku. Nikamwambia natembea tu. Akasema basi kama unatembea tu shika ndoo. Nimeshika ndoo saa nzima na nusu. Kome wale mimi nilikuwa naona mawe, yeye anainama anatoa, anainama anatoa. Mwisho kanigawia viganja viwili na sijui hata vinapikwaje, nimevichemsha na chumvi vimekuwa kama raba.

Barazani bado naona aibu. Nimepita mara tatu na mbuzi wangu huyu wa breki, juzi mmoja wao kaita “wewe wa Mikanjuni, unapita tu kila siku kwani unakagua barabara?” nikacheka nikaongeza pedeli.

MwanaNgamiani:

Kumbe ni wewe! Kesho simama, nafasi moja imepatikana benchini, jamaa wa dhumna kasusa.

Bint_Sahare:

Kome wanachemshwa kidogo tu wanatolewa, unakaanga na kitunguu, ndimu na pilipili, tui mwishoni. Ulichemsha muda gani?

mgeni_wa_kange:

Saa nzima dada.

Bint_Sahare:

Maskini bibi wa watu na kome zake.